Kesi "Imetajwa" Maana Yake Nini? Safari ya Kesi ya Jinai kwa Anayefika Mahakamani Mara ya Kwanza

Mama mmoja kutoka upande wa Kibakwe aliuza mbuzi wawili, akakodi gari, akawapakia mashahidi wanne na kuteremka nao hadi Mpwapwa mjini. Kijana wake alikuwa ameshtakiwa kwa kumjeruhi mwenzake kilabuni, na mama aliamini siku hiyo ndiyo ya kumtetea. Walifika kabla ya saa mbili asubuhi. Saa tano kesi ikaitwa. Wakili wa serikali akasimama, akasema maneno machache, hakimu akaandika, tarehe nyingine ikapangwa. Yote hayo hayakuzidi dakika tatu. Tulipotoka nje mama akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mbona hawajatusikiliza? Wameshahongwa?"

Hapakuwa na hongo pale. Kesi ilikuwa imekuja kwa kutajwa, haikuja kwa kusikilizwa. Na hata kama ingekuwa siku ya kusikilizwa, mashahidi wake wasingeitwa, kwa sababu zamu ya upande wa utetezi ilikuwa bado mbali. Mbuzi wawili walikwenda kwa sababu ya neno moja ambalo hakuna aliyemweleza.

Nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria hapa Dodoma, na swali la mama yule nalisikia kwa sura tofauti karibu kila wiki. Watu wengi wanaumia kwa kutojua kesi yao imefika hatua gani. Wanatumia nauli siku isiyowahitaji, kisha wanakosa kufika siku inayowahitaji. Redio nayo inatangaza kwamba fulani "amefutiwa mashtaka", mwingine "amekutwa na kesi ya kujibu", mwingine "hakutakiwa kujibu chochote", na vijiweni kila mtu anatafsiri anavyoona. Nitayafungua maneno hayo kwa mfuatano ambao mtu hukutana nayo.

Kesi ni ya nani

Kwanza neno lenyewe, jinai. Fikiria mtu anayewasha moto porini mwezi wa tisa, nyasi zikiwa zimekauka kau. Shamba litakaloungua pengine ni la mtu mmoja, lakini kijiji kizima kinatoka na matawi kwenda kuuzima, kwa kuwa moto ule ni hatari ya wote. Sheria inaliona kosa la jinai namna hiyo. Aliyepigwa ni mmoja, ila aliyekosewa ni jamii nzima, na ndiyo maana jalada husomeka "Jamhuri dhidi ya" fulani. Kesi ya madai ni jambo jingine: deni, mpaka wa shamba, mkataba uliovunjwa. Huko watu wawili wanadaiana, na anayeshindwa huamriwa kulipa au kurudisha.

Hapo ndipo linapozaliwa kosa la kwanza la uelewa. Aliyepigwa au aliyeibiwa, kesi ikiwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, si mwenye kesi. Yeye ni shahidi, mara nyingi shahidi wa kwanza. Mwenye kesi ni Jamhuri, na anayeiendesha ni wakili wa serikali kutoka Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, iliyo chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, yule ambaye magazeti humwita DPP. Kwa hiyo familia mbili zikikaa chini ya mbuyu, zikachinja na kupeana mikono, kesi haifi kwa sababu hiyo. Sheria inairuhusu mahakama kuhimiza suluhu kwa makosa madogo yanayogusa watu binafsi, kama shambulio la kawaida. Haiwezekani kwa ubakaji wala unyang'anyi. Nimeshaona wazazi wakipokea ng'ombe ili binti yao "asisumbuliwe na mahakama", na hapo wanamnyima mtoto haki yake huku wao wenyewe wakijitafutia kesi.

Mahakama ya mwanzo ina utaratibu wake. Huko kwa kawaida hakuna wakili wa serikali. Mlalamikaji mwenyewe ndiye anayesimama, anaeleza, anaita mashahidi wake na kumhoji mshtakiwa. Asipofika bila sababu, kesi yake inaweza kuondolewa. Wanaojua mahakama ya mwanzo ya kijijini kwao hushangaa wakifika wilayani na kuambiwa wakae kimya, wasubiri kuitwa. Ni mahakama mbili zenye taratibu mbili.

Maneno mengine hutumiwa kama pacha wakati si pacha. Mtuhumiwa ni anayeshukiwa, bado yuko mikononi mwa polisi. Akishafikishwa mahakamani na kusomewa hati ya mashtaka, anakuwa mshtakiwa. Mahabusu ni anayesubiri kesi yake akiwa gerezani, pengine Isanga, na bado hajahukumiwa. Mfungwa ndiye aliyekwisha kuhukumiwa. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inasema ni marufuku kwa mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kwamba anayo hatia. Kijana anaposhuka kwenye karandinga, lile gari la kubebea mahabusu, amefungwa pingu, wapo wanaonong'ona "jambazi yule". Sheria haijamwita hivyo.

Kabla ya kizimba

Mtu akikamatwa, sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema inavyowezekana baada ya hapo. Akiwa kituoni atahojiwa, na maelezo yake yataandikwa baada ya kuonywa kwamba halazimiki kusema chochote, na kwamba atakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Ndiyo yanaitwa maelezo ya onyo. Muda wa kawaida wa kuyachukua ni saa nne tangu kukamatwa, na kuna utaratibu wa kuuongeza. Anayo haki ya kutaka ndugu, rafiki au wakili wake ajulishwe.

Hapa nawaomba ndugu wasikie vizuri. Karatasi inayosainiwa usiku wa kwanza kituoni inaweza kuwa nzito kuliko mashahidi watatu watakaokuja mwaka unaofuata. Asiyejua kusoma aombe asomewe, na kama kuna sentensi ambayo hakuisema, aseme irekebishwe kabla ya kuweka dole gumba. Ikiwa alipigwa au alitishwa, mahali pa kulisema hilo ni mahakamani, siku Jamhuri inapotaka kuyatoa maelezo yale kama kielelezo, yaani kitu cha ushahidi. Hapo kesi kubwa husimama kidogo, mahakama ikachunguza kwanza kama maelezo yalitolewa kwa hiari. Ndiyo ile magazeti huiita kesi ndogo ndani ya kesi kubwa. Ukilikumbuka jambo hilo wakati wa rufaa, umechelewa.

Siku ya kwanza mahakamani

Fika mapema, kabla ya saa tatu. Orodha ya kesi hubandikwa ubaoni ikiwa na jina la hakimu na namba ya chumba. Usipojiona, nenda masijala ukamwulize karani kwa namba ya kesi, maana majina yanafanana. Kwenye Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki hapa Dodoma, kimojawapo kati ya sita vilivyozinduliwa nchini mwaka 2021, ngazi kadhaa za mahakama ziko ndani ya jengo moja, na nimeona mtu akikaa saa tatu nje ya mahakama isiyo yake huku jina lake likiitwa chumba kingine.

Simu izimwe kabisa. Sauti ya "Koti!" ikisikika, wote husimama, hakimu au jaji anaingia, anakaa, nanyi mnakaa. Anaitwa "Mheshimiwa". Vaa nguo safi za heshima, suti ya kukodi au ya kuazima haihitajiki. Usimjibu aliye kizimbani kutoka kwenye benchi hata kama anasema uongo mtupu. Upande wenu utapewa nafasi ya kumhoji.

Kisha mshtakiwa anasomewa mashtaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli. Jibu lake ndilo kukiri au kukana, na linastahili utulivu kuliko hatua nyingine yoyote. Wapo wanaoambiwa mahabusu na wenzao, "We kubali tu, hakimu atakuonea huruma." Ukikubali kikamilifu, ukasomewa maelezo ya kosa na kuyakubali nayo, mahakama inakutia hatiani papo hapo, bila shahidi hata mmoja. Na aliyekiri kwa kawaida hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Anachobaki nacho ni kulalamikia adhabu.

Halafu kuna jibu la nusu, ambalo wazee wetu hulitoa kwa moyo mweupe: "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenivamia kwa panga." Huko siyo kukiri. Huyo anasema alikuwa anajihami, na mahakama inapaswa kuandika kwamba amekana ili ushahidi usikilizwe. Kukana si kumdanganya hakimu, na hakimu hakasiriki. Maana yake ni kwamba Jamhuri ilete uthibitisho wake.

Tangu 2019 ipo pia njia ya makubaliano ya kukiri kosa, ambapo mshtakiwa na wakili wa serikali wanafikia maafikiano, kwa mfano shtaka moja kuondolewa au kuwa dogo zaidi. Haihusu makosa yote, na mahakama lazima ijiridhishe kwamba hakuna aliyeshurutishwa. Usiingie kwenye mazungumzo hayo bila mtu anayejua sheria pembeni yako.

Asiyekielewa Kiswahili vizuri ana haki ya mkalimani. Wapo wazee huku Bahi wanaoongea Kigogo kitupu, wapo Warangi wa Kondoa, wapo Wasandawe wa Chemba ambao lugha yao majirani hatuiwezi. Kuitikia "ndiyo" kwa aibu ya kutoelewa ni hatari kubwa. Sema mapema, mkalimani atatafutwa.

Dhamana si bei

Nimewahi kumwona baba akitokwa jasho aliposikia hakimu akisema mdhamini atasaini bondi ya shilingi milioni tano. Akadhani anatakiwa kuzileta mezani. Bondi ya kawaida ni ahadi. Ukiwa kwenye vikoba, mwenzako akakopa, wewe ukamdhamini, hakuna anayekuchukulia hela siku ya kusaini. Mwenzako akitoroka na mkopo, ndipo kikundi kinakugeukia. Dhamana ya mahakama iko hivyohivyo: mdhamini anaahidi kwamba mshtakiwa atafika kila tarehe, na akitoroka, mdhamini ndiye anayedaiwa kiasi kile. Yapo mazingira ambayo mahakama huagiza fedha taslimu au hati ya mali iwekwe, lakini hilo litasemwa waziwazi, na likilipwa hutolewa stakabadhi ya serikali.

Kwa hiyo mdhamini aje na kitambulisho na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji au mtaa wake, na aje siku ileile, kwa kuwa mshtakiwa akikosa wadhamini kabla karandinga halijaondoka atalala Isanga hata kama dhamana iko wazi. Anayekuomba "ya soda" ili dhamana itoke anakuomba rushwa. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo.

Yapo makosa ambayo sheria imeyafungia dhamana, yakiwemo mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na utakatishaji fedha. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliona kifungu hicho kinapingana na Katiba, lakini Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na kifungu kikabaki. Mimi naona ni mzigo mzito kwa mtu ambaye hajathibitika kuwa na hatia, hasa upelelezi unapokwenda miaka. Lakini ndugu wa mshtakiwa wa mauaji wanapomzunguka hakimu kumwomba dhamana, wajue hakimu hana mamlaka ya kuitoa.

Kutajwa, awali, kusikilizwa

Sasa tumfikie mama wa Kibakwe. Kutajwa ni kuhakikisha kesi ipo hai: mshtakiwa yupo, jalada lipo, pande zote zinaeleza zilipofika, tarehe nyingine inapangwa. Ni kama mkulima wa zabibu anayepita shambani asubuhi kutazama mizabibu. Hachumi, anatazama. Siku ya kutajwa hakuna shahidi anayesikilizwa. Hata hivyo mshtakiwa aliye nje kwa dhamana lazima afike, na mdhamini naye akiwepo ni vizuri. Asipofika bila taarifa, hati ya kumkamata inaweza kutolewa, na akitoroka kabisa kesi inaweza kuendelea hata kuhukumiwa bila yeye.

Kisha inakuja siku ya usikilizwaji wa awali. Hapo wakili wa serikali anasoma maelezo ya kesi, na mshtakiwa anasema yapi anayakubali na yapi anayakana. Lengo ni kuyatenga yasiyobishaniwa ili mashahidi wasije kuthibitisha kitu ambacho kila mtu anakikubali. Jina lako, makazi yako, tarehe uliyokamatwa, hayo yakubali kama ni ya kweli. Ila sikiliza sentensi kwa sentensi, kwa kuwa utakalolikubali halitahitaji tena kuthibitishwa.

Kusikilizwa ndiyo siku ya mashahidi, na Jamhuri ndiyo inayoanza. Inaleta mashahidi wake wote, wa kwanza mpaka wa mwisho, pengine kwa tarehe nne au tano. Utetezi unangoja. Mama yule alipaswa kutunza mbuzi wake mpaka Jamhuri ifunge ushahidi wake na mahakama iseme neno, ambalo nitalieleza baadaye.

Na je, ile sentensi maarufu ya "upelelezi haujakamilika"? Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yamezuia kesi kufunguliwa mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa na yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu. Kwa hiyo sentensi hiyo utaisikia zaidi kwenye kesi kama za mauaji. Kesi ya mauaji huanzia kwa hakimu asiye na mamlaka ya kuisikiliza, na ndiyo sababu mshtakiwa anaambiwa hatakiwi kujibu chochote. Wengi huona kama dharau. Mfikirie mgonjwa anayehitaji upasuaji mkubwa. Anaanzia zahanati, anaandikishwa, anapewa barua, kisha anapelekwa hospitali ya Benjamin Mkapa. Daktari wa zahanati hamgusi kwa kisu, kwa sababu si kazi ya zahanati. Upelelezi ukikamilika, mshtakiwa anasomewa maelezo ya mashahidi watakaokuja, anapewa nakala, na shauri linahamia Mahakama Kuu. Huko, mshtakiwa wa mauaji asiye na uwezo hupangiwa wakili kwa gharama ya serikali. Kwa makosa mengine, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri wanaweza kukuelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa.

Ukiitwa kama shahidi

Karatasi ya wito, wengi huiita samansi, inatisha watu kuliko inavyostahili. Haikushtaki wewe. Inasema tu kwamba mahakama inahitaji ulichokiona. Ila ni amri, na ukiidharau unaweza kukamatwa. Kwa shahidi wa Jamhuri, muulize wakili wa serikali mapema kuhusu nauli na posho ya shahidi.

Utangoja nje wakati wenzako wanatoa ushahidi, ili usije ukarudia waliyosema. Ukiingia utaapa kwa imani yako au utathibitisha kwamba utasema kweli. Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema kweli na si uongo. Kesi za makosa ya kujamiiana ushahidi wake hupokelewa faragha, kwa hiyo ndugu wanaotolewa nje wasidhani kuna jambo linafichwa. Anayelindwa ni aliyetendewa.

Utahojiwa mara tatu. Kwanza na upande uliokuita, wakikuongoza ueleze ulichokiona. Pili na upande wa pili, na haya ndiyo maswali ya dodoso. Tatu, upande wako unaweza kurudi kufafanua palipochanganyika. Maswali ya dodoso huwachoma watu. "Ulikuwa umbali gani? Taa ilikuwa wapi? Polisi ulisema saa mbili, leo unasema saa nne, kipi ni kipi?" Wakili yule hakuchukii. Kazi yake ni kupima kama mtungi unavuja. Jibu ulichoulizwa, kwa ufupi, ukimwelekea hakimu, polepole ili aandike. "Sijui" ni jibu kamili. "Sikumbuki" ni jibu kamili. Shahidi mwenye aibu ya kusema sijui ndiye huanza kubuni, na akibuni kimoja, hata aliyoyaona kwa macho yanatiliwa shaka.

Usiseme uliyosimuliwa na shangazi. Mahakama inataka ulichoona mwenyewe, ulichosikia mwenyewe, ulichogusa mwenyewe. Na wasikudanganye kwamba ushindi ni wingi wa mashahidi. Sheria ya Ushahidi haitaji idadi maalumu ya kuthibitisha jambo. Shahidi mmoja anayeaminika anaweza kutosha, na kwa makosa ya kujamiiana, ushahidi wa mtoto aliyetendewa unaweza kutosha peke yake mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli.

Vielelezo navyo vina njia yao. Gunia la mahindi likitoka shambani hadi soko la Kibaigwa, kisha kwenye lori, kisha kwa mnunuzi Dar es Salaam, na kila mkono ukalisaini, mnunuzi anajua ni gunia lilelile. Mkono mmoja usipojulikana, ataanza kuuliza kama halikubadilishwa njiani. Panga, simu au misokoto ya bangi huhojiwa hivyohivyo: nani alikikamata, nani alikitunza, nani alikileta. Mkono mmoja ukikosekana mshtakiwa akaachiwa, watu husema "mwizi ameponea utaratibu tu". Swali la mahakama pale ni kama kitu kile ndicho kweli kilichokamatwa.

Kesi ya kujibu

Jamhuri ikimaliza mashahidi wake, mahakama inapima kama ushahidi uliotolewa, ukiachwa bila kujibiwa, unatosha kumfanya mshtakiwa ajieleze. Usipotosha, anaachiwa huru hapohapo bila kusema neno. Ukitosha, ndilo lile neno la "ana kesi ya kujibu". Vijiweni hilo hutafsiriwa kuwa ameshapatikana na hatia. La. Ni zamu yake tu imefika, na sasa ndipo mama wa Kibakwe anapaswa kuwaleta mashahidi wake.

Mshtakiwa anaweza kujitetea kwa kiapo, kuita mashahidi, au kukaa kimya. Kukaa kimya ni haki, ila mahakama inaruhusiwa kuuzingatia ukimya huo, kwa hiyo asiuchague kwa hasira. Mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa Jamhuri mwanzo hadi mwisho, tena pasipo shaka yoyote ya msingi. Jamhuri imebeba mtungi kutoka kisimani, na lazima maji yafike nyumbani. Mshtakiwa halazimiki kubeba mtungi wake. Akionyesha ufa wa kweli kwenye ule wa Jamhuri, inatosha.

Hukumu, na maneno yanayochanganya

Kuna kuachiwa huru na kuna kufutiwa mashtaka, na tofauti yake imewaliza watu wengi. Aliyeachiwa huru baada ya ushahidi kusikilizwa hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile, isipokuwa Jamhuri ikate rufaa na kushinda. Aliyefutiwa kwa sababu DPP ameeleza hana nia ya kuendelea na kesi, bado anaweza kukamatwa na kushtakiwa upya. Nimewahi kushuhudia ndugu wakianza vigelegele ukumbini, na kabla hawajafika getini kijana yupo tena kwenye gari la polisi. Ukisikia "imefutwa", muulize wakili imefutwa kwa njia ipi.

Akitiwa hatiani, kabla ya adhabu anapewa nafasi ya kuomba apunguziwe, mahakamani huitwa shufaa. Aseme ni kosa lake la kwanza, ana watoto, ni mgonjwa, amekaa mahabusu muda gani. Hakimu atayapima, ila yapo makosa ambayo sheria imemfunga mikono. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni kifungo kisichopungua miaka 30. Ubakaji, kiwango cha chini ni hichohicho, na msichana aliye chini ya miaka 18 hata akisema alikubali, kisheria ni kubakwa. Kwa makosa mepesi kuna faini, kifungo cha nje na huduma kwa jamii. Aliyejeruhiwa naye anaweza kuamriwa kulipwa fidia, kwa hiyo atunze stakabadhi za hospitali na kumkabidhi wakili wa serikali mapema.

Asiyeridhika ana rufaa, na hapa hesabu ya siku ni kali. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda wilaya ni siku 30. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, mshtakiwa anatoa kwanza taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, kisha anawasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kungoja nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu. Wengi wanazichanganya hizo mbili. Wanakaa kungoja nakala, na zile siku 10 zinapita. Aliyepelekwa gerezani amwambie askari magereza siku ileile aliyoingia kwamba anakata rufaa, na karatasi ya taarifa atajaziwa hukohuko gerezani.